Nyasi za nyumbani Minnesota: kazi kubwa ni ya Agosti, si ya Aprili

Mtu aliyelelewa Nakuru, Arusha au Bukavu akinunua nyumba Brooklyn Park au St. Paul, anakuja na ujuzi wa nyasi ambao huku unampoteza. Kwao mvua zikianza ndipo watu hupanda, na wanachopanda ni kikuyu au ukoka: chomeka vipande, mwagilia, baada ya miezi michache uwanja umefunikwa. Nyasi hizo ni za nchi zenye joto. Ukizipanda Minneapolis utazifurahia kiangazi kimoja, kisha zije usiku za Januari za nyuzi 20 chini ya sifuri, nazo zitakufa hadi mizizi.

Zinazostahimili huku ni nyasi za baridi. Hustawi hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 24 za Selsiasi, kwa hiyo hukua kwa nguvu mara mbili kwa mwaka: Mei hadi katikati ya Juni, halafu mwisho wa Agosti hadi Oktoba. Julai zinajikunyata. Ule msimu wa kwanza unafanana na masika ya kwetu: theluji imeyeyuka, udongo una maji, kila kitu kinachipua, na hapo ndipo wengi humaliza pesa zao. Lakini mche uliochipuka Mei unakutana na jua la Julai ukiwa na mizizi ya urefu wa kidole, na magugu yameota pamoja nao. Mche uliochipuka mwanzoni mwa Septemba una udongo ambao bado umeshika joto la kiangazi, hewa ya ubaridi, umande wa kila usiku, na magugu ya msimu yanayokaribia kufa. Unapata wiki nyingi za kushusha mizizi kabla ya ardhi kuganda. Mengine yote hapa chini, pamoja na namna ya kumwajiri fundi, yanatokana na tofauti hiyo.

Jua kwanza una nyasi gani

Chuma jani moja ulitazame kwa karibu. Kama ncha yake imejikunja kama omo ya mtumbwi, na katikati ya jani pana mistari miwili myembamba inayopitisha mwanga, hiyo ni ile ambayo mifuko ya mbegu huiandika "Kentucky bluegrass", tuiite blugrasi. Ndiyo iliyo nyingi katika nyumba za Minnesota. Husambaa kwa mashina yanayotambaa chini ya udongo, kwa hiyo pengo dogo huliziba yenyewe. Jani lenye mgongo unaong'aa kama lililopakwa mafuta ni raigrasi: huota haraka, lakini baridi kali huipunguza. Jani jembamba kama sindano ni feskyu nyembamba, nayo ndiyo ya kupanda chini ya miti na mahali ambapo hutaki kumwagilia kila mara. Feskyu ndefu, yenye jani pana na mizizi ya kina, huvumilia ukame kuliko zote, ila barafu ikikaa juu yake muda mrefu inaweza kufa.

Kisha pima eneo. Urefu mara upana wa kila kipande cha nyasi kwa futi, toa nyumba, njia ya gari na vitanda vya maua. Andika hesabu hiyo mahali usipoweza kuipoteza, maana mbolea, mbegu, maji na bei ya fundi vyote huhesabiwa kwa kila futi za mraba 1,000.

Kipimo cha udongo ni jambo la mara moja kila baada ya miaka mitatu hivi. Chimba vishimo 10 hadi 15 sehemu mbalimbali, kina cha inchi 3 hadi 4, ondoa nyasi za juu, changanya udongo kwenye ndoo safi, uanike ukauke, kisha peleka kama vikombe viwili kwenye maabara ya udongo ya University of Minnesota. Majibu yatakuonyesha pH (kipimo cha asidi; ikiwa juu, asidi ni kidogo), fosforasi na potasiamu. Bila karatasi hiyo usikubali kuuziwa chokaa. Udongo wa sehemu nyingi za jimbo hili tayari una pH ya juu, na chokaa utaimwaga bure au uharibu zaidi.

Theluji inapoyeyuka

Kazi ya kwanza ni kutokanyaga. Udongo uliojaa maji ukikanyagwa hushikana kama tofali, na mizizi hukosa hewa mwaka mzima. Ukiweka mguu na alama yake ikajaa maji, rudi ndani. Ukishakauka, pita na reki ya majani kwa mkono mwepesi.

Utakuta mambo matatu. La kwanza ni mabaka ya duara, nyasi zimelala na kushikana kama nywele zilizolowa, rangi ya kijivu au waridi. Hiyo ni kuvu ya theluji. Ya kijivu huhitaji theluji ikae muda mrefu juu ya ardhi ambayo haijaganda sana. Ya waridi huweza kuja hata bila theluji, palipo na ubaridi na unyevu tu. Usinunue dawa wakati huu, haina kazi tena. Inua nyasi kwa reki ili hewa na jua viingie; mara nyingi kitovu cha mmea, yaani shina fupi la chini linalotoa majani, kiko hai na majani mapya hutoka. La pili ni vijia vinavyojipindapinda juu ya nyasi, upana wa inchi moja au mbili. Ni panya wadogo wa shambani waliokula chini ya theluji. Ondoa nyasi zilizokatwa, kanyagia udongo uliotifuliwa, navyo vitajiziba.

La tatu ni ukanda wa nyasi zilizokufa kandokando ya njia ya gari na ya waenda kwa miguu. Hiyo ni chumvi. Mara tu ardhi ikishayeyuka na kuanza kupitisha maji, mwagilia ukanda huo inchi moja ya maji, acha yazame, rudia mara mbili au tatu katika wiki inayofuata. Maji huisukuma chumvi chini ya mizizi. Ukipanda mbegu kabla ya kuosha, zitakufa na utadhani ulinunua mbegu mbovu.

Gugu la kuhofiwa majira haya ni lile ambalo huku huitwa "crabgrass". Ni nyasi ya mwaka mmoja, pana, ya kijani hafifu, hulala chini na kutawanyika kama miguu ya kaa. Mbegu zake huamka udongo ukifika nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi kwa siku kadhaa mfululizo, yaani nyuzi 50 hadi 55 za Farenhaiti. Eneo la Minneapolis na St. Paul hilo hutokea kwa kawaida kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, lakini mwaka hadi mwaka hutofautiana, kwa hiyo pima: chomeka kipimajoto cha nyama inchi 2 ardhini saa tatu asubuhi. Dawa ya kuzuia kuota lazima iwe ardhini kabla ya hapo, kisha uimwagilie nusu inchi ya maji ili ishuke. Ikichelewa wiki mbili, umetupa pesa, maana haiui gugu lililokwisha kuota. Weka nguvu kwenye ukanda wa futi mbili kandokando ya saruji, kwa sababu saruji hupata joto mapema na gugu huanzia hapo. Na kumbuka kwamba dawa nyingi za aina hii huzuia pia mbegu za nyasi nzuri. Anayeweka dawa Mei na kupanda mbegu Mei amejipinga mwenyewe.

Mbolea ya Aprili iache dukani. Nitrojeni ya mapema huvuta majani juu haraka, mmea unatumia akiba ya mizizi kuyalisha, nawe unakata nyasi mara mbili kwa wiki. Kama nyasi ni dhaifu, ngoja hadi mwisho wa Mei.

Kukata

Urefu ni inchi 2.5 hadi 3.5, na sisi tunapendelea 3 na kitu. Nyasi ndefu hukinga udongo na jua, hivyo mbegu za magugu hukosa mwanga, na mizizi hushuka kadiri majani yanavyoruhusiwa kupanda. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Ukitaka ibaki inchi 3, kata ikifika inchi 4.5; ikiwa ulisafiri ukakuta imefika 7, shusha kwa awamu, siku tatu nne zikipita katikati. Manispaa ya Minneapolis inaruhusu nyasi zisizozidi inchi 8, zikizidi utapata barua. Vipande vilivyokatwa viache palepale. Vinaoza upesi na kurudisha nitrojeni.

Siku moja baada ya kukata, piga goti uangalie ncha ya jani. Kisu kikali huacha ncha iliyonyooka, kijani hadi mwisho. Kisu butu huichana ncha ikabaki na nyuzinyuzi nyeupe ambazo baada ya siku mbili huwa kahawia, na uwanja mzima ukiutazama kutoka barabarani unaonekana umefifia kana kwamba una kiu. Wengi huongeza maji na mbolea wakati tatizo ni kisu. Kinole kila baada ya saa 20 hadi 25 za kazi. Kwanza chomoa waya wa plagi, au betri kama mashine ni ya umeme. Inamisha mashine kabureta ikiwa juu, fungua boliti, noa kwa tupa ukifuata pembe ileile ya kiwandani, kisha ning'iniza kisu kwenye msumari ukutani kwa tundu lake la katikati. Upande ukizama, una uzito zaidi. Punguza kidogo huo. Kisu kisicho na mizani hutikisa mashine hadi beringi ziharibike.

Maji ya kiangazi

Nyasi zinazokua zinahitaji inchi moja ya maji kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo. Kwenye futi za mraba 1,000 hiyo ni galoni 623. Panga makopo matupu ya tuna matano au sita kwenye eneo ambalo kinyunyizio kinafika, kiwashe dakika 20, pima kina kwa rula. Ukipata robo inchi, basi inchi moja ni dakika 80 kwa wiki, ugawe mara mbili. Makopo yakitofautiana sana, kinyunyizio kimeinama au tundu limeziba. Mwagilia alfajiri; kumwagilia jioni huacha majani yamelowa usiku kucha, na magonjwa ya kuvu hupenda hilo. Manispaa nyingi huwapangia watu siku za kumwagilia kwa namba ya nyumba, shufwa na witiri, hivyo angalia ratiba ya mji wako.

Blugrasi ikigeuka kahawia Julai, haijafa. Imelala. Unaweza kuiacha ilale, ukiipa nusu inchi kila wiki mbili au tatu ili kitovu kisikauke. Kinachoiumiza ni kuiamsha na kuilaza tena na tena, wiki hii maji mengi, wiki mbili hakuna. Ikiwa imelala usiikate, usiiwekee mbolea wala dawa ya magugu, na punguza kuikanyaga.

Katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba

Huu ndio mwezi wa kuomba likizo. Kama mwaka mzima una siku mbili tu za kushughulikia nyasi, ziwe hapa.

Anza na bisibisi ya inchi 6. Siku mbili baada ya mvua, jaribu kuisukuma ardhini kwa mkono. Ikizama hadi mpini, udongo wako ni mzuri. Ikikwama inchi 2, umeshindiliwa na unahitaji kutobolewa kwa mashine inayong'oa vipande vya udongo vinavyofanana na vizibo vya chupa. Mashine au viatu vyenye misumari havitoshi, kwa sababu msumari husukuma udongo pembeni na kuubana zaidi. Vizibo viwe vya inchi 2 hadi 3 kwa urefu na mashimo yaachane inchi 3 hadi 4; pita mara mbili, ya pili ikikata ya kwanza. Udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Kabla ya mashine kuwashwa, chomeka bendera ndogo kwenye kila kinyunyizio, waya wa uzio wa mbwa na kebo ya intaneti iliyozikwa juujuu. Vizibo viache vikauke na kumeguka vyenyewe.

Mashimo yakiwa wazi, mwaga mbegu siku hiyohiyo. Kiasi cha kupanda mahali patupu, kwa futi za mraba 1,000: blugrasi pauni 2 hadi 3, feskyu nyembamba pauni 4 hadi 5, raigrasi au feskyu ndefu pauni 6 hadi 8. Kuongezea kwenye nyasi zilizopo, nusu ya hapo inatosha. Gawanya mbegu mafungu mawili, moja ulitembeze kaskazini kusini, jingine mashariki magharibi, ili usiache mistari. Pita na mgongo wa reki ili mbegu iguse udongo, isizidi kina cha robo inchi. Mbegu iliyokaa juu ya nyasi zilizokufa haioti hata ukiimwagia ziwa.

Maji ya mbegu ni tofauti na yale ya kiangazi: kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, uso wa udongo usikauke. Raigrasi itaonekana baada ya siku 5 hadi 10, feskyu siku 7 hadi 14, blugrasi siku 14 hadi 28. Hapa watu hukosea mara nyingi sana. Mfuko una mchanganyiko, raigrasi inatoka wiki ya kwanza, mwenye nyumba anafurahi na kufunga bomba, na blugrasi iliyokuwa ndiyo imeanza kupasuka inakauka chini. Endelea wiki nne. Kata mara ya kwanza ikifika inchi 3.5, kisu kikiwa kikali sana, kwa sababu kisu butu huing'oa miche pamoja na mizizi yake.

Mbolea kubwa ya mwaka pia ni ya majira haya: pauni 1 ya nitrojeni kwa futi za mraba 1,000, isizidi hapo kwa mara moja. Mfuko una namba tatu, za nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kama imeandikwa 25-0-5, robo ya uzito ni nitrojeni, kwa hiyo pauni 4 za mbolea hutoa pauni 1. Mfuko wa pauni 50 unatosha futi za mraba 12,500. Namba ya katikati iwe sifuri. Tangu 2005 sheria ya Minnesota inakataza fosforasi kwenye nyasi zilizokwisha kushika jimbo zima, isipokuwa kipimo cha udongo kimeonyesha upungufu; nyasi mpya zinaruhusiwa katika msimu wake wa kwanza. Sababu ni maziwa: maji ya barabarani huingia kwenye mifereji na kufika ziwani au mtoni bila kusafishwa, na fosforasi hulisha mwani hadi maji yanageuka kijani. Sheria hiyohiyo inakutaka ufagie punje zilizoangukia saruji uzirudishe kwenye nyasi.

Magugu ya majani mapana, kama dandelioni na lile litambaalo liitwalo "creeping Charlie", yapige dawa mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba. Wakati huo mmea unashusha chakula mizizini, na dawa hushuka nacho. Ukiipiga Mei, majani yanaungua na mizizi inachipuza tena. Ila usipige juu ya nyasi changa kabla hazijakatwa mara tatu au nne.

Kabla ardhi haijaganda

Endelea kukata hadi nyasi ziache kukua zenyewe, mkato wa mwisho ukiwa kama inchi 2.5. Nyasi ndefu zinazolala chini ya theluji ni godoro la kuvu. Majani ya miti yapitie na mashine hadi yawe vipande vya ukubwa wa sarafu. Ukiweza kuona nyasi katikati yake, yaache, yatakuwa mbolea. Yakifunika kila kitu, yaondoe. Mbolea ya Novemba inayotangazwa kama ya "kuandaa baridi" hatuipendekezi huku: ardhi iko karibu kuganda, mizizi inanyonya kidogo, na sehemu kubwa huondoka na maji ya kuyeyuka.

Kama ulikosa Septemba, usipande Oktoba, kwa maana mche mchanga utauawa na baridi. Ngoja Novemba, udongo ukiwa chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, umwage mbegu zilale chini ya theluji na kuamka zenyewe mwakani. Tegemea hasara kubwa kidogo kuliko ya Septemba.

Mabomba ya vinyunyizio ni suala la kutochelewa. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, nayo hupasua plastiki na shaba vilevile. Minneapolis hupata usiku wa kugandisha kwa kawaida ndani ya Oktoba. Funga vali ya ndani, kwa kawaida iko ghorofa ya chini ya ardhi, na fungua mlango wa kutolea maji. Hewa ya kompresa iingizwe baada ya kifaa kinachozuia maji kurudi nyuma, isipite ndani yake. Fungua kwanza sehemu ya mbali zaidi kisha washa hewa. Kompresa isifanye kazi hata sekunde moja sehemu zote zikiwa zimefungwa. Shinikizo lisizidi psi (pauni kwa inchi ya mraba) 80 kwa bomba gumu la PVC na psi 50 kwa bomba laini la poli. Puliza kila sehemu hadi utoke ukungu tu, dakika mbili zisizidi, pumzisha, rudia. Kompresa ndogo ya gereji hufikia shinikizo hilo lakini haina wingi wa hewa. Upepo hupita juu ya maji, maji yanarudi kwenye mabonde ya bomba, na Aprili unakuta chemchemi katikati ya uwanja. Hii ni kazi ya kumwachia fundi mwenye kompresa ya kuvutwa na gari. Ukimaliza acha mikono ya vali nusu wazi, nyuzi 45, maji yasijifiche ndani. Na mpira wa bustani utoe kwenye bomba la ukutani. Ukiuacha, maji hubaki ndani ya ukuta, na unaweza kupata mafuriko ndani ya nyumba.

Mashine ya petroli iachwe tangi tupu, au petroli yenye dawa ya kuihifadhi ikiwa imezungushwa dakika kumi ifike kwenye kabureta. Petroli yenye ethanoli ikikaa miezi mitano huacha utando unaoziba matundu. Betri za lithiamu ziweke ndani ya nyumba, wala usizichaji zikiwa chini ya sifuri.

Majira ya baridi yenyewe yana kazi chache. Usitembee juu ya nyasi zilizoganda zisizo na theluji, kwa sababu vitovu huvunjika na nyayo zako zitabaki kahawia hadi Mei. Theluji yenye chumvi isirundikwe mahali pamoja. Chumvi ya kawaida huacha kufanya kazi chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti, hivyo siku hizo tumia mchanga.

Kumwajiri fundi

Uamuzi wa kwanza ni kazi gani umpe. Kukata unaweza mwenyewe, au kijana wa jirani. Kutoboa ardhi na kupuliza mabomba kunahitaji mashine ambazo hazina maana kununua. Dawa ni jambo la leseni: anayepiga dawa ya magugu au wadudu kwenye nyasi za mtu mwingine kwa malipo lazima awe na leseni ya Idara ya Kilimo ya Minnesota, kundi la E, la nyasi na mimea ya mapambo. Mbolea iliyochanganywa na dawa ya magugu nayo ni dawa. Mwombe akuonyeshe kadi, kisha tafuta jina kwenye tovuti ya idara. Katika miji mingi atatakiwa pia kuacha vibendera vya onyo baada ya kupiga.

Tafuta mtu wa masika Februari au Machi, wa kutoboa ardhi Julai, wa kupuliza mabomba mwanzoni mwa Septemba. Utabiri wa usiku wa kwanza wa barafu ukishatangazwa, simu zote huita pamoja, na wewe utakuwa wa mwisho kwenye foleni.

Omba makadirio ya bei kwa watu watatu, yakiwa kwa maandishi, na gawanya kila bei kwa futi za mraba zako ili ulinganishe kitu kimoja. Mmoja akikuandikia futi 9,000 na wewe ulipima 6,000, mwambie mpime pamoja. Makadirio yaonyeshe kila ziara: tarehe zake, jina la bidhaa, pauni za nitrojeni kwa futi 1,000, urefu wa kukata kwa inchi. Ratiba ikiwa na ziara tatu kabla ya Julai na moja tu baada ya Agosti, imepangwa kwa faida ya muuzaji. Anayekuahidi kupanda mbegu Juni, au kukuuzia chokaa bila kipimo cha udongo, au anayegonga mlango na mbolea "iliyobaki kwa jirani" akitaka fedha taslimu yote mbele, mshukuru ufunge mlango.

Uliza wananoa visu mara ngapi. Kampuni makini hunoa kila siku ya kazi au karibu na hapo, na watakujibu bila kusita. Uliza nani hasa atakuja, na kama ni mfanyakazi wao au mtu wa nje waliyempa kazi. Uliza pia wanafanya nini nyasi zikilala Julai. Mikataba mingi ya kukata ni ya kila wiki, na bila kipengele cha kuruka wiki kavu utalipia mashine kukanyaga nyasi zilizolala.

Bima ni mbili: ya uharibifu na majeraha kwa wengine, na ya wafanyakazi wake wakiumia. Cheti kitumwe kwako na wakala wa bima moja kwa moja, kwa sababu nakala ya karatasi inaweza kuwa ya mwaka jana. Hata akiwa binamu au kijana wa kanisani kwenu, uliza. Mashine ikirusha jiwe kwenye dirisha la jirani, au kijana akakatwa kidole, dai linaweza kukugeukia wewe mwenye nyumba, na undugu ndio utakaoharibika kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari, hivyo maelewano ya mdomo yaandikeni hata ukurasa mmoja.

Soma kipengele cha kujiendeleza. Mikataba mingi ya huku hujihuisha kila mwaka hadi uandike barua ya kusitisha, na mteja hushtukia bili ya ziara ya Aprili ambayo hakuiagiza. Sisitiza iandikwe tarehe ya mwisho na siku ngapi za notisi.

Ukimpa fundi huyohuyo theluji, mkataba utataja kina kinachomleta, mara nyingi inchi 2, na malipo kwa kila safari au kwa msimu mzima. Minneapolis inamtaka mwenye nyumba ya familia moja au mbili asafishe njia ya waenda kwa miguu ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka, kwa hiyo inchi moja isiyomleta fundi bado ni yako. Uliza kama wamepitia mafunzo ya matumizi bora ya chumvi ya Minnesota Pollution Control Agency, shirika la jimbo la kudhibiti uchafuzi. Shirika hilo hukumbusha kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi huchafua galoni 5 za maji kwa kudumu, na huo ukanda wako uliokufa kandokando ya njia ya gari hutokana na mkono usiopima.

Baada ya ziara ya kwanza, toka na rula kabla hujalipa. Pima urefu sehemu tano, piga goti uangalie ncha za majani, tazama kama kuna punje za mbolea kwenye saruji na vumbi la nyasi kwenye mfereji wa barabarani. Piga picha pale penye kasoro na umtumie siku hiyohiyo, kabla nyasi hazijakua na kufuta ushahidi.